Dume akihangaika kwenye beseni, usiseme amefunga choo!

Mpenzi msomaji, wiki hii tuongee mambo ya chooni. Usikunje uso, si choo chako. Ni cha paka wako.

Nasema hivyo manake siku hizi hapa Katesh, na kule Mbulu mjini vilevile, vijana waliopanga chumba na sebule wanafuga paka ndani kwa ndani. Kwa wazee wetu kule milimani paka alikuwa askari wa ghala. Kazi yake mahindi na ngano visiliwe na panya, haja zake anamalizia shambani, anafukia mwenyewe, habari imekwisha. Nani alijua mkojo wake ulikuwaje? Huyu wa kupanga anajisaidia kwenye beseni la mchanga au maranda nyuma ya mlango, na wengi wenu mnaona ni kero tupu. Mimi nasema lile beseni ni cheti cha daktari. Kila asubuhi kimeshaandikwa, kazi yako kusoma.

Kwani paka mwenyewe hasemi. Mbwa akiumwa mtaa mzima utajua, lakini paka anajificha chini ya kitanda na kukutazama kama unamdai. Paka mzima hukojoa kama mara 2 hadi 4 kwa siku, na haja kubwa mara 1 hivi. Ukizoea kuchota uchafu kila siku utajua kiasi chake bila hata kuhesabu. Siku kikibadilika, unashtuka mapema.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jirani yangu alikuwa na dume mmoja mwekundu, mnene, bwana mkubwa kabisa. Mwezi wa saba, kwenye ile baridi yetu ya kulala na koti, paka akaanza vituko. Anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anatoka. Dakika 10 haziishi karudi tena. Analia kidogo, anajilamba sehemu za siri, na maranda makavu kama yalivyomwagwa. Jirani akasema, “Huyu kafunga choo,” akamnywesha mafuta ya kupikia. Kesho yake paka anatapika, dagaa hataki hata kunusa. Bwana mifugo alipoitwa jioni alimpapasa tumbo, akakuta kibofu kimejaa na kukaza kama ndimu. Usiku uleule akafa. Mimi nilikuwa safarini, nikarudi nikakuta beseni limeanikwa uani na mwenye paka haongei.

Yule hakufunga choo, aliziba mkojo. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno, na chembechembe kama chumvi zikichanganyika na ute zinaiziba kama taka kwenye mrija. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo zinasimama, sumu inarudi kwenye damu, mwisho moyo nao unagoma. Hiyo ni kazi ya siku 1 hadi 3 tu. Jike njia yake ni pana kidogo, haimpati sana. Kwa hiyo dume akichuchumaa mara mbili tatu na chini pakavu, usingoje kesho wala usimtafutie dawa ya kienyeji. Mpigie daktari wa mifugo saa ileile, hata kama ni usiku. Na usiseme “paka anaumwa” ukanyamaza, maana mtu aliyezoea ng'ombe wa Hanang atakuambia subiri. Sema: “Ni dume, hajakojoa tangu asubuhi, anajikamua.” Hapo atakuelewa. Kama unaishi mbali na mji, namba yake iwe kwenye simu yako leo, paka akiwa bado anacheza na kandambili zako.

Na jamani, panadol msimpe! Kidonge 1 tu kinatosha kumuua.

Pengine mnakosea kwenye chakula. Dagaa wakavu kila siku, maji kidogo, na baridi hii ambayo hata sisi inatusahaulisha kunywa, mkojo lazima uwe mzito. Wachemshe, mpe na supu yake, chumvi usitie. Bakuli la maji likae mbali na beseni. Hivi wewe ungekunywa maji chooni?

Kuna na kinyume chake. Paka mzee, wa miaka 10 na zaidi, beseni likianza kuloa kupita kawaida na maji anayafakamia, usifurahi kuwa anakunywa vizuri. Inaweza kuwa figo au kisukari. Ukiona vipande vyeupe kama punje za wali kwenye kinyesi, hiyo ni tegu, kaipata kwa viroboto au kwa kula panya. Dawa ipo, ila pima uzito kwanza.

Nimetaja panya na viroboto, na sisi watu wa huku tunavijua. Mwaka 2007 tauni ililipuka Mbulu, na paka anaweza kuipata kwa panya akamletea binadamu. Kwa hiyo paka mwindaji akichemka mwili ghafla, akavimba chini ya taya na kususa chakula, usimkumbatie. Mwite mtaalamu, na wewe ukipata homa nenda hospitali ukaseme una paka mgonjwa.

Mwisho, kina dada wenye mimba. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasima, vibaya kwa mtoto aliye tumboni. Havina nguvu ya kuambukiza siku ileile, huchukua siku 1 hadi 5, ndiyo maana beseni lisafishwe kila siku. Paka si wa kufukuzwa, ila kijiko apewe baba mtarajiwa. Akilalamika kinanuka, mwambie asome ukurasa huu.

Haya, tukutane wiki ijayo.