Leza, Waya na Mwanya Wangu

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nianze na kuungama. Navaa waya za meno. Ndiyo, mimi huyuhuyu, miaka 34, mke wa mtu, ninayekaa vikao na wateja wa matangazo nikiwa nimevaa suti, kila nikicheka vyuma vinametameta kama mtoto wa sekondari. Cheka tu, nimeshazoea.

Sikuweka kwa urembo peke yake. Meno yangu ya chini yalikuwa yamesongamana, moja limepanda juu ya jingine, mswaki haupiti na fizi zinatoa damu kila asubuhi. Daktari wa kupanga meno akaniambia matibabu yatachukua kama miaka miwili hivi. Nikasema sawa, miaka miwili si kitu.

Jamani, kusema ni rahisi. Usiku wa kwanza nililala nimeshika mashavu. Maumivu hayaji pale pale kwenye kiti cha daktari, yanakuja saa chache baadaye, yanafika kileleni kesho yake, halafu yanapungua taratibu ndani ya wiki moja. Kila waya ikikazwa, mchezo unaanza upya. Shemeji yenu, Mungu ambariki, alinipikia uji wa ulezi na mtori siku tatu mfululizo bila kulalamika. Nilijiona nimeolewa kweli.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi wa nne. Nilikwenda kliniki kukaza waya, nikakuta kipeperushi kizuri kinatangaza vikao vya leza. Kinasema leza inaondoa maumivu, na meno yananyooka kwa nusu ya muda. Nusu ya muda! Mimi nikapiga hesabu haraka haraka. Sendofu ya mdogo wangu ni Disemba, mimi ndiye ninayemsindikiza, picha zitakaa ukutani kwa mama miaka yote. Nikauliza bei. Bei yake, mwenzangu, ilikuwa karibu sawa na awamu iliyobaki ya kiwanja chetu cha Kigamboni.

Hapa ndipo ninapoungama hasa. Nilishatoa kadi ya benki kwenye pochi. Nilipanga nilipe, halafu nyumbani niseme gharama za daktari zimepanda. Kilichonirudisha si uadilifu, mashine yao ya kadi iligoma. Nikaambiwa nije kesho.

Jioni ile nikaona bora niseme. Shemeji yenu akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Mke wangu, haraka ya nini?"

"Haraka ya nini? Wewe ndiye uliyevaa vyuma?"

"Kiwanja kile tumekihangaikia miaka mitatu. Leo unataka kukigeuza taa ya mdomoni?"

Basi. Yalisemwa mengine ambayo sitayaandika hapa. Siku mbili nyumba ilikuwa na maneno matatu tu: shikamoo ya mtoto, chakula tayari, na usiku mwema.

Katika ukimya ule nikafanya kazi niliyosomea, yaani kuuliza. Nilichokipata nakugawia, kwa sababu najua wengi wenu mmevaa waya au mnafikiria kuvaa.

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na mwanafizikia Theodore Maiman huko Marekani. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Budapest, Endre Mester, aliwanyoa panya mgongoni na kuwamulika kwa leza hafifu ili aone kama mwanga ule una madhara. Hakuona saratani aliyoihofia. Badala yake manyoya ya panya waliomulikwa yaliota haraka kuliko ya wenzao. Kutoka hapo ndipo lilipotoka wazo la kutumia leza hafifu kama tiba.

Kwa meno, kuna leza za aina mbili, usizichanganye. Ya kwanza ina nguvu, inakata. Daktari anaweza kuitumia kupunguza fizi iliyovimba na kufunika jino, na damu inatoka kidogo kuliko kwa kisu. Ya pili ni hafifu, haikati wala haiunguzi. Inamulikwa juu ya fizi, na mwanga wake, ambao mara nyingi macho hayauoni, unafyonzwa na mitokondria, vile viwanda vya nguvu vilivyomo ndani ya seli. Matumaini ni kwamba seli zikipata nguvu zaidi, uvimbe utapungua na kazi itakwenda haraka.

Kazi gani? Hii ilinishangaza. Jino halisukumwi kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Waya inapolivuta, upande unaobanwa kuna seli zinazokula mfupa, na upande linakotoka kuna seli nyingine zinazojenga mfupa mpya. Ni bomoabomoa na ujenzi kwa wakati mmoja, ndani ya taya lako. Kwa kawaida jino linasogea kiasi cha milimita 1 hivi kwa mwezi. Ndiyo maana miaka miwili.

Je, leza hafifu inaharakisha ujenzi huo? Watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima kama yanaaminika, wameliangalia suala hili. Kuhusu maumivu, mapitio yao ya 2016 yalisema leza huenda ikasaidia kwa muda mfupi, lakini ushahidi wenyewe ni dhaifu. Kuhusu kuharakisha, mapitio ya 2023 ya njia zisizo za upasuaji hayakupata ushahidi wa kuaminika kwamba zinafupisha matibabu. Ile "nusu ya muda" ya kipeperushi sikuiona popote.

Nikampelekea maswali daktari mwingine. Akacheka, akaniambia, "Dada, mwanga si uchawi. Ukitaka kumaliza mapema, usikose miadi, usivunje vyuma kwa mifupa na karanga, na piga mswaki vizuri." Akaniambia parasetamoli inatosha kwa wengi siku mbili za mwanzo. Na anayeamua kumulikwa, aulize kwanza: leza hii ni ya kukata au ya kutuliza? Vikao vingapi, na bei ya jumla ni kiasi gani? Anayeishika amesomea? Miwani ya kukinga macho ipo, yangu na ya kwake? Kliniki ikikujibu kwa kukuonyesha kipeperushi tena, chukua pochi yako uondoke.

Usiku wa tatu nikamweleza shemeji yenu haya yote. Nikamwomba radhi kwa ile kadi pia, maana kuhusu mashine kugoma nilikuwa sijamwambia. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mimi si kiwanja tu. Niliona kwenye mpango wa daktari umekubali mwanya ufungwe. Ulikubali bila kuniuliza. Na sasa ulitaka uondoke haraka zaidi."

Jamani, mwanya wangu! Huu wa mbele juu, niliouchukua kwa bibi mzaa mama. Mwanamume huyu alinitongoza kwa mwanya huo, aliusifu mpaka mbele ya wazee siku ya posa. Mimi nilipoulizwa na daktari niliitikia tu, nikidhani meno mazuri ni yale ya kwenye majarida. Pamoja na hili letu, tuseme ukweli. Miezi minne yote yeye anapika mtori huku moyoni anauaga mwanya.

Asubuhi nikampigia daktari wangu. Akasema hakuna tabu, meno ya chini yatanyooshwa kama kawaida, na juu atauacha mwanya kwa kuwa hausumbui kung'ata. Ni suala la kubadilisha mpango mapema, na kuvaa kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa ili yasirudi yalikotoka.

Leza sikulipa. Awamu ya kiwanja tumelipa. Disemba nitasimama kwenye picha na vyuma vyangu, na mama atavitazama ukutani mpaka achoke.

Lakini najiuliza, mpenzi msomaji: mimi na yeye tuligombana siku mbili kuhusu taa na pesa, kumbe mmoja wetu alikuwa na huzuni nyingine kabisa aliyoificha. Mwenzio akikuuliza "haraka ya nini?", usimjibu kwanza. Muulize anaogopa kupoteza nini. Mimi ningeuliza siku ile ile, uji ule usingepoa.

Tukutane mwezi ujao. Piga mswaki.