Nani kasema vitamini haizidi?

Nenda duka la dawa uombe vitamini E. Aghalabu hutaulizwa cheti, wala umri, wala dawa nyingine unazotumia. Utaulizwa unataka kopo au pakiti. Unaondoka na imani uliyoingia nayo: vitamini ni chakula tu, ikizidi itatoka na mkojo.

Uongo mtupu. Zinazotoka hivyo ni kama C. Vitamini E huyeyuka kwenye mafuta, na akiba yake kubwa hukaa kwenye mafuta ya mwili. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 hivi kwa siku. Sasa soma kopo: IU 400. Ikiwa ni ile ya asili, hizo ni miligramu 268, karibu mara 18 ya mahitaji yako. Na wapo wanaomeza vidonge viwili viwili ili ngozi ing'ae upesi!

Madhara yameonekana kwa watu, si kwa panya. Mwaka 2001 utafiti uitwao SELECT ulianza Marekani, Kanada na Puerto Rico kwa wanaume zaidi ya 35,000, ukitarajia kwamba E ingewakinga na saratani ya tezi dume. Mwaka 2008 wakaambiwa waache vidonge, maana kinga haikuonekana. Matokeo ya 2011 yakawa mabaya zaidi: waliomeza IU 400 za E peke yake kila siku walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kidonge cha kukinga kikaleta kilichokusudiwa kuzuiwa. Kabla ya hapo, huko Ufini, wavuta sigara waliopewa miligramu 50 tu hawakuepushwa na saratani ya mapafu, na vifo vya kiharusi cha kuvuja damu vikaongezeka kati yao.

Dada zangu watasema: sisi hatumezi, tunatoboa kwa pini na kupaka usoni. Watafiti wa Miami walijaribu kuipaka kwenye makovu ya upasuaji. Waliopakwa walikuwa wachache, ni kweli, lakini majibu ya 1999 hayafurahishi: makovu hayakupendeza zaidi, na theluthi yao ngozi ilipata mzio.

Wapo wanaoihitaji, kama wale ambao miili yao haifyonzi mafuta. Hao wana daktari. Sisi wengine tuna mafuta ya alizeti ya Singida, kijiko kimoja cha chakula kikiwa na miligramu 5 na ushei, tuna karanga, tuna parachichi.

Muuza dawa, kabla hujapokea pesa, uliza kama mteja anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda; ikichanganywa na E nyingi, hatari ya kutokwa damu huongezeka. Nawe msomaji, daktari akikuuliza unatumia dawa gani, lile kopo la kabatini usiache kulitaja.