Kabla ya Safari ya Guangzhou

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani kwetu alituletea karatasi tatu zilizoandikwa Kichina, akatuomba tumsomee. Ulikuwa mkataba wa bidhaa ambao mwanawe alikwisha utia saini huko Guangzhou, akitegemea maneno ya mkalimani aliyekutana naye sokoni. Hatukuweza kumsaidia. Tulimrudishia karatasi zake kwa haya, na tangu siku hiyo baadhi yetu katika kamati tumekuwa wanafunzi.

Wapo wanaotaja hapa yale maneno mashuhuri ya kutafuta elimu hata China. Wanazuoni wa hadithi wameyatia dosari, nasi hatuna haja nayo. Yatutosha habari ya Zayd bin Thabit (r.a.), aliyeamrishwa na Mtume (s.a.w.) kujifunza maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwaamini juu ya barua zake.

Anayeanza asikimbilie maandishi. Aanze na sikio. Kichina sanifu kina toni nne, mbali na ile hafifu, na toni hugeuza maana. Mǎi, sauti ikishuka kisha ikainuka, ni kununua. Mài, sauti ikiporomoka, ni kuuza. Mfanyabiashara akikosea hapo ameipindua biashara yake yote! Watoto wa madrasa hawatastaajabu, maana ustadhi aliwafunza mapema kutenganisha qalb na kalb, moyo na mbwa. Na kama ilivyo tajwidi, hili halipatikani kitabuni peke yake: mwanafunzi huketi mbele ya mwalimu, akasikia, akaiga, akasahihishwa.

Pinyin, yaani uandishi wa Kichina kwa herufi za Kilatini uliopitishwa mwaka 1958, humfaa sana anayeanza, ila asiusome kama Kiswahili. Herufi q hukaribia ch yetu, na x hukaribia sh. Alama za Kichina zenyewe ziandikwe kwa mkono, chache kila siku. (Waislamu wa Kihui waliwahi kuiandika lugha hiyo kwa herufi za Kiarabu, wenye kusoma Kiswahili cha kale wataelewa.)

Mzazi anayemuaga kijana wake na amhifadhishe kwanza neno qīngzhēn, 清真, linaloandikwa kwenye migahawa ya Waislamu. Ajue pia kwamba ròu ni nyama, lakini likitajwa peke yake kwa kawaida hukusudiwa nguruwe. Ng'ombe ni niúròu, kondoo au mbuzi ni yángròu. Na aweze kusema bila kusita: wǒ bù chī zhūròu, mimi sili nguruwe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Nairobi vina Taasisi za Confucius zinazofundisha lugha hii. Karatasi za mzee wetu hatimaye zilisomwa na binti wa jirani, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kifungu cha nne kilisema malipo ya awali hayarudishwi.