Tunawafungashia Sweta, Tunasahau Giza

Mtu wa Ronge Juu, katika milima ya Taita, hahitaji kufundishwa baridi. Kati ya Juni na Agosti, kipupwe kikishika, ukungu hushuka kutoka vilele vya Dawida ukafunika migomba na mashamba ya mboga, na anayeteremka Mwatate au Voi kwa shughuli zake huvua sweta akiwa bado njiani. Ndiyo maana kijana wa huku akipata kazi Uingereza au Ujerumani, mazungumzo ya kumuaga huwa ya koti, soksi na glovu. Ni maandalizi mema, ila yamelenga pembeni. Baridi ina dawa yake dukani. Kinachoweza kumlaza mtu kule kati ya Novemba na Februari ni uhaba wa mwanga, na hilo milima ya Taita, pamoja na ukungu wake wote, haijawahi kumwonyesha mtu.

Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki nusu saa. Saa zetu za Kiswahili zenyewe zimejengwa juu ya jua lisilochelewa. London, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Helsinki, ambako chuo kikuu chake kina kituo cha utafiti hapa hapa Wundanyi, siku hiyo haitimizi hata saa sita za mwanga. Sasa mfikirie muuguzi anayeingia zamu saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa moja na nusu usiku. Anaondoka nyumbani gizani, anarudi gizani, na akipangiwa zamu tatu mfululizo, jua analisikia tu kwenye utabiri wa hali ya hewa. Taa za wodini hazimfidii. Mwanga wa ndani ya nyumba kwa kawaida haufiki 500 kwa luksi, kizio cha kupimia mwanga, ilhali nje, hata wingu likiwa limetanda, mchana wa kwetu hutoa maelfu. Mkulima anayepalilia ndani ya ukungu wa Ronge, akijisikitikia kwa baridi, anapata mwanga ambao huyo muuguzi angeulipia.

Na kweli hulipiwa. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walieleza ugonjwa wa huzuni unaorudi kila majira ya baridi na kuondoka jua likirudi, na wakaonyesha kwamba taa kali huwapa wagonjwa nafuu. Siku hizi kipimo kinachotumika sana ni taa ya luksi 10,000 kwa nusu saa hivi kila asubuhi. Mwanga unapoingia machoni hurekebisha saa ya mwili, ile inayoamua homoni ya usingizi itoke lini na ikome lini; asubuhi isipopambazuka, saa hiyo hupoteza majira. Dalili za ugonjwa huu pia si zile tulizozoea kuziita huzuni. Badala ya kukosa usingizi, mtu hulala mno na kuamka amechoka. Badala ya kukosa hamu ya chakula, hutamani wanga na sukari, akanenepa. Hujitenga, hapokei simu. Huku nyumbani tafsiri iko tayari: amevimba kichwa, amepata pesa ametusahau. Anapopigiwa saa mbili usiku, kule Uingereza ni saa kumi na moja jioni na giza limeshaingia zamani. Anayejibu kwa mkato huenda hana kiburi chochote.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Rosenthal mwenyewe alizaliwa Afrika Kusini, na alianza kuushuku baada ya kuhama Johannesburg kwenda New York na kujikuta akilegea kila msimu wa baridi. Tena Waaisilandi, wanaoishi karibu na Duara la Aktiki, walipopimwa walionekana kuugua kidogo kuliko wakazi wa pwani ya mashariki ya Marekani, na baadhi ya watafiti wanahisi vizazi vingi katika giza vimewachuja. Kama ni hivyo, mgeni kutoka ikweta ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walipitia majibu ya watu zaidi ya 34,000, na hawakuona huzuni ikipanda na kushuka kwa majira wala kwa umbali kutoka ikweta. Nalipokea hilo kama onyo dhidi ya kutia chumvi: wengi watauvuka msimu bila shida. Lakini wastani wa umma mzima hauwezi kumfuta mgonjwa mmoja mmoja, na majaribio ya taa yameendelea kutoa nafuu. Ni kweli pia kwamba upweke, ubaguzi, zamu za usiku na deni la nauli humwumiza mhamiaji. Hayo yako naye mwaka mzima, hata Julai. Linaloongezeka Novemba ndilo tunaloweza kulipunguza kwa gharama ndogo.

Wala tusiukimbilie ushauri wa vitamini D tukadhani tumemaliza. Huduma ya afya ya Uingereza inashauri mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi, na kwa wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Watu wetu waufuate kwa ajili ya mifupa na misuli. Kuhusu huzuni, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2020, lenye watu zaidi ya 18,000 waliofikisha miaka 50, halikuona kidonge hicho kikiizuia. Kinachoonekana kusaidia ni kutoka nje kabla ya adhuhuri hata kukiwa na mvua, taa ile kali, na tiba ya mazungumzo. Katika Chuo Kikuu cha Vermont, miaka miwili baada ya matibabu, huzuni ilikuwa imewarudia asilimia 27 ya waliotibiwa kwa mazungumzo, ikilinganishwa na asilimia 46 ya waliotumia taa.

Kenya ilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya na Uingereza Julai 2021, na ya wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024. Fedha zilizotumwa nyumbani na walio ng'ambo zilifika dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Nchi inayovuna kiasi hicho haishindwi kuongeza saa moja ya somo la giza katika mafunzo ya wanaosafiri, wala kuwadai waajiri waweke taa hizo katika vyumba vya mapumziko na kupanga zamu ambazo mgeni atapata angalau mchana mmoja wa bure katikati ya juma. Somo hilo liseme wazi kwamba mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupandwa na wazimu wa furaha iliyopitiliza, asiiwashe taa hiyo kabla ya kumwona daktari, na kwamba kujiandikisha kwa daktari wa mtaa ni kazi ya wiki ya kwanza ya Oktoba, mtu akiwa bado ana nguvu za kutoka kitandani.