Usiniambie Ninunue Prado

Kila nikisema gari langu limegonga mawe tena kule kwetu Kenyenya, jibu huja lile lile kabla sijamaliza sentensi. "Buda, uza hiyo kitu ununue Prado." Binamu yangu amesema. Fundi wangu amesema. Jamaa wa petroli mjini Kisii, ambaye hata hanijui, aliinama akatazama bampa, akatikisa kichwa, naye akasema. Basi leo nawajibu wote pamoja: sinunui Prado. Na si kwa sababu sina pesa za Prado, ingawa ni kweli sina.

Nianze na sifa za gari, maana ni haki yake. Ni sedani ya Kijerumani, nyeusi, injini ya lita 1.8 yenye turbo, mtumba kutoka Japani. Kampuni siitaji kwa kuwa sina ugomvi nayo. Nilinunua kwa mkopo wa sako ambao bado naulipa, na sitajifanya eti nilihitaji usafiri tu. Nilitaka raha. Na raha nimeipata. Toka Nairobi alfajiri, shuka Mai Mahiu, nyoosha hadi Narok, pita Bomet na Sotik mashamba ya chai yakiwa bado yamejifunika ukungu. Ndani hausikii upepo wala lori unalolipita. Mama yangu, ambaye kwenye matatu hutapika kabla ya Narok, alilala kutoka Mai Mahiu akaamkia Sotik, akauliza kama tumesimama. Mpaka leo huwasimulia watu hivyo.

Lina vituko vyake pia. Ramani yake huongea Kijapani, kwa hiyo kila nikiingia Kisii mjini mwanamke fulani mpole hunieleza jambo kwa adabu nyingi na mimi humjibu "sawa." Redio inakomea 90, maana FM ya Japani ilipangiwa masafa ya chini kuliko yetu, kwa hiyo stesheni nyingi za huku hazishiki. Mjerumani kwa kuzaliwa, Mjapani kwa malezi, Mkisii kwa taabu.

Kuishi na gari hili ocha ni habari nyingine. Nilikuwa naenda mazishini kama mtu yeyote, nakaa kwenye hema la nyuma, natoa mia tano, nakula, naondoka. Sedani ilipofika, emsii akaanza kunitafuta kwa kipaza sauti. "Mwenye ile gari nyeusi aje mbele atusalimie." Kusalimia ni kutoa. Mia tano ikawa elfu tano. Gari lilinipandisha cheo bila kunipandisha mshahara, na wasee wote wenye magari ya kung'aa wanaijua hesabu hiyo hata kama hawaisemi kwenye picha wanazoposti. Hilo nimelikubali. Ukinunua kitu ili uonekane, usilalamike ukionekana.

Ninacholalamikia ni kilomita tatu. Lami inapoishia, hadi lango la kwetu, kuna kilomita tatu za udongo mwekundu. Kimo cha gari langu, kutoka ardhini hadi tumboni, hakifiki urefu wa kalamu mpya ya Bic. Huko kwetu ni milima, na mvua ya Gusii haina ratiba. Unaweza kufua asubuhi na kuanua ukikimbia saa nane. Maji yanashuka mlimani, na kwa kuwa hakuna mtaro wa kuyapokea, yanafuata alama za magurudumu. Mwaka wa kwanza ni mfereji, mwaka wa pili ni handaki. Uchaguzi ukikaribia, greda hupita mara moja, linakwangua juu, linalainisha, tunapiga makofi. Hakuna mtaro, hakuna kalavati. Mvua mbili tu, na udongo ule uliokwanguliwa umeshafika mtoni.

Aprili mwaka jana nilikuwa nyumbani nyanya yangu, tunayemwita Magokoro, alipozidiwa. Saa tano usiku. Homa ya mapafu, ingawa wakati huo tulijua tu kwamba pumzi inakwama. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa kumi. Gari lipo uani, tangi limejaa, viti vya ngozi, na mimi nikajiona mjukuu wa maana. Tukamlaza nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama. Nikaendesha kama natembea juu ya mayai. Tulikuwa hatujafika nusu ya njia niliposikia mlio nisioutaka, jiwe na chuma. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, na yule mwanamke wa Kijapani akasema neno moja ambalo nadhani nililielewa. Sampu ya oili ilikuwa imepasuka.

Vijana wanne wa jirani, watatu kati yao waendesha boda boda, walimbeba Magokoro kwenye kiti cha plastiki, mmoja kila pembe, mama akishika mwavuli. Viatu vikabaki matopeni. Wakamfikisha kwenye lami, Probox ikamchukua hadi hospitali ya Kenyenya, akawekewa oksijeni. Alipona. Ndiyo maana leo naandika kwa hasira. Angekufa ningekuwa naandika kitu kingine, au nisingeandika kabisa.

Asubuhi watu walikusanyika kuliangalia gari langu limelala pale njiani. Na unajua walisema nini? Hakuna aliyesema barabara hii ni mbaya. Walisema gari hili ni chini sana.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Barabara ikimshinda mgonjwa, tunalaumu gari. Na kama lawama ni ya gari, dawa nayo ni gari: panda juu zaidi. Mwenye sedani anunue Prado, mwenye Prado atamani V8, na anayefika huko juu hatasikia tena jiwe lolote. Amejitoa. Ameinunulia familia yake barabara nzuri, inayotembea na magurudumu manne. Lakini kwenye barabara ile ile amewaacha mama anayepeleka ndizi sokoni, mjamzito aliyepakatwa kwenye nduthi, na mtoto anayevua viatu asubuhi ili afike shule na soksi safi. Aliyekuwa na simu ya kupiga, jina la kutaja na kelele za kupigwa ndiye aliyehama kwanza.

Haya si mambo ya Kenyenya pekee. Mwaka wa 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwenye bajeti kwamba magari makubwa ya serikali yarudishwe na mawaziri wapewe yenye injini isiyozidi 1,800 cc. Zikaja Volkswagen Passat. Sedani, kama yangu. Baadhi ya wakubwa wakalia: gari hili liko chini mno, haliwezi barabara za mashambani. Hebu kirudie kilio hicho polepole. Watu waliokuwa ndani ya serikali yenyewe, wenye uwezo wa kupanga pesa za barabara, waligundua kwamba barabara za wapiga kura wao hazipitiki. Halafu wakaomba gari jingine. Walikuwa wamepewa kipimo bora kabisa cha kazi yao, kipimo cha bure kinachogonga tumboni kila Ijumaa wakienda nyumbani, nao wakakikataa.

Wazee wetu walikuwa na neno, Wabenzi. Baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki walichukua jina la gari, wakaliwekea wa- ya ngeli ya watu, kana kwamba limezaliwa kabila jipya linalokula peke yake. Lilikuwa tusi, na lilistahili. Lakini Mbenzi wa zamani, pamoja na dhambi zake zote, tumbo la gari lake lilikuwa karibu na ardhi. Mbenzi wa leo amepanda juu, vioo vyeusi, na matope yake yanaturukia sisi. Wala hajui alipita wapi.

Najua utaniambia: wewe na viti vyako vya ngozi una haki gani ya kulia, na watu wanatembea kwa miguu? Swali zuri. Tupige hesabu basi. Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya ina ushuru wa matengenezo ya barabara ndani yake. Ulikuwa shilingi 18. Juni 2024 vijana wengi wenu mliingia barabarani kukataa Mswada wa Fedha, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 iliyokuwemo ilitolewa hata kabla mswada wenyewe haujaondolewa. Mwezi uliofuata, Julai, ushuru huu ukapandishwa hadi shilingi 25 kwa lita. Ulipita kwenye bomba la petroli, kimya kimya, na tumekuwa tukiulipa.

Safari yangu ya Nairobi hadi Kenyenya na kurudi hula lita 70 hivi. Mara 25 ni shilingi 1,750. Nikienda nyumbani mara nne kwa mwaka, ni 7,000. Sasa mchukue mmoja wa wale vijana waliombeba Magokoro. Anaweka lita mbili kwa siku kwenye pikipiki. Hiyo ni shilingi 50 za barabara kila siku. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ametoa 15,000, zaidi ya mara mbili ya safari zangu zote za nyumbani. Mlipa kodi mkubwa wa ile barabara ni yeye, si mimi mwenye gari nyeusi. Amelipia lami, akapewa matope, na usiku wa manane akageuzwa ambulensi bila malipo. Kwa hiyo silii kwa niaba ya viti vya ngozi. Viti vyangu havikuumia.

Na sisi tuliohamia mjini tuna kosa letu, nalo nitalitaja kwa sababu ni langu pia. Tunafika ocha Desemba. Tunaosha magari kwa Sh300, tunapiga picha na migomba nyuma, tunalaani barabara kwenye meza ya nyama choma, tunarudi Nairobi tarehe 2. Ilhali Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mitaro na kalavati zinazotafuta pesa huanza kutajwa humo, miezi mingi kabla bajeti haijasomwa. Desemba tunapofika na kelele zetu, mlango ulifungwa kitambo. Tunapiga honi mbele ya ofisi ambayo watu wametoka.

Kwa hiyo mwaka huu nilikwenda Agosti. Nilitengeneza sampu kwa pesa ambayo sitaitaja mama asije akasoma, nikaliacha gari kwenye lami kwa mwenye duka, nikatembea zile kilomita tatu. Wale vijana wanne wakaja nami kwenye kikao cha wadi. Sikuongea sana. Waliongea wao, na walikuwa na hesabu yao ya shilingi 50 kwa siku imeandikwa nyuma ya kadi ya harusi. Hatukuomba lami. Tuliomba mitaro pande zote mbili na kalavati mahali maji yanapokata njia, kwa sababu udongo wenye mtaro hupitika na lami isiyo na mtaro huoza. Tumeandikwa. Kuandikwa si kujengewa, na sisi si watoto, tutarudi kuuliza.

Ninachoomba kwako, wewe mwenye sedani na kwenu ni kama kwetu, ni kimoja. Usiipandishe na usiihame. Iache pale chini ilipo. Kila ikigonga, andika tarehe na mahali, piga picha ya shimo badala ya rimu, halafu peleka kunakohusika kabla ya Septemba. Lile tumbo la gari ndilo linaloijua barabara ya kwenu kuliko mheshimiwa yeyote aliye kwenye V8.

Magokoro alinisindikiza nikiondoka, hadi mwisho wa shamba tu, kifua bado hakijamwachilia vizuri. Akasema gari langu ni zuri, nisiliuze. Nikamwuliza kama angependa nimletee refu, la kufika mpaka mlangoni.

"Na siku hauko?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Prado mtafutieni mteja mwingine.