Sadaka ya Ijumaa na Watoto wa Barabarani

Katika mji wa Mombasa ni ada ya tangu na tangu kwamba siku ya Ijumaa, kuanzia asubuhi hadi karibu na wakati wa sala, mwenye duka huweka sarafu mezani pake na kumpa kila maskini apitaye mlangoni, naye maskini hujibu kwa dua na kuendelea duka la pili. Na ada hiyo, ambayo asili yake ni ihsani tupu, wala simo miongoni mwa wanaoitakia ife, siku hizi huwavuta pia watoto wadogo, wakapita duka kwa duka saa ambazo wenzao wamo madarasani.

Tusidhani kwamba mtoto wa barabarani ni mvivu aliyeikimbia kazi. Kazi anayo, tena huianza mapema, pale malori ya vitunguu na nyanya yanapoteremshwa katika soko la Kongowea, akawa anaokota yaliyoanguka na kuwabebea akina mama mizigo. Na jua likishapanda utamwona na gunia begani, akitafuta chupa za plastiki na vyuma chakavu ambavyo mnunuzi atavipima kwa mizani asiyoweza mtoto kuisoma, na kumlipa apendavyo. Lililo gumu kwake ni kuihifadhi hiyo fedha: hana sanduku, hana mama wa kumwekea, na vijana waliomzidi umri humpekua usiku alalapo barazani, kwa hiyo alichokichuma mchana sharti kiishe kabla ya kulala, kwa viazi vya kukaanga na kwa gundi ya mafundi viatu, ile chupa ndogo aifichayo ndani ya mkono wa shati na kuivuta kila njaa au hofu inapomshika. Wasemao kwamba watoto hawa ni wafujaji hawajajiuliza wangaliweka wapi. Na sarafu yetu ya Ijumaa, maadamu inatiwa katika kiganja hicho hicho, huenda njia hiyo hiyo.

Serikali nayo imekwenda mbele na nyuma. Sheria ya uzururaji, urithi wa ukoloni, ilifutwa mwaka 1997. Mwaka 2003 ukaundwa mfuko wa kuwarekebisha watu wa mitaani, na vijana wengi wakapelekwa katika kambi za huduma ya vijana wa taifa. Hata hivyo hesabu ya mwaka 2018 iliwakuta watu 46,639 wakiishi mitaani katika Kenya nzima, wakubwa kwa wadogo, 7,529 kati yao wakiwa Mombasa. Kisha Februari 2019 ikajulikana kwamba watoto na vijana wa mitaa ya Nakuru walipakiwa magarini wakaenda kubwagwa porini katika kaunti ya Baringo. Hilo halihitaji mjadala.

Aghalabu mtoto huyu anao jamaa. Ameondoka kwa kipigo cha baba wa kambo, au kwa kuwa mama mjane ameshindwa na kodi ya chumba, au kwa kuwa shule ya msingi, ingawa karo iliondolewa mwaka 2003, bado yataka sare na michango isiyokwisha. Kumrudisha nyumbani bila ya kuliondoa lililomtoa ni kumpa nauli ya kurudi mjini. Na ikiwa nyumba haifai kabisa, ipo njia ambayo watu wa pwani waliijua kabla haijaandikwa bungeni: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala, yaani Mwislamu mwenye uwezo kumchukua mtoto asiye na malezi na kumlea bila kumpokonya nasaba yake, na kwa wasiokuwa Waislamu sheria hiyo hiyo imeweka ulezi mwingine wa kifamilia.

Basi rai yangu ni hii, kwamba misikiti na wenye maduka wazikusanye sadaka hizi, na wasimamizi wa wakfu waongeze katika mapato yao, kisha fedha hizo, kwa ushauri wa kadhi na ofisa wa watoto, zilipe sare, kodi ya mjane na matumizi ya yule aliyekubali kumlea mtoto wa mwenziwe, awe mtoto huyo ametoka Kisauni au ametoka bara na dini yake ni nyingine. Najua wapo watakaosema kwamba sadaka haina utamu isipotoka mkononi kwa mtoaji. Lakini hata zaka, ambayo ni faradhi, imewekewa wakusanyaji, nao wamehesabiwa miongoni mwa mafungu manane ya wanaoistahiki. Mkono utakaobaki mtupu Ijumaa una kazi nyingine: mwenye duka amketishe mtoto, amuulize jina lake na kwa mamaye, kisha apige nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haina malipo.