Jiko Lipi Lililozeeka?

Majuzi nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya upili. Ajenda ilikuwa moja: jiko la shule limezeeka, je, likarabatiwe au libomolewe, lijengwe jipya? Wajumbe wawili walibishana kwa muda wa saa nzima, hata nikatambua kwamba hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja.

Lugha yetu hulitumia neno jiko kwa maana ya chumba cha kupikia, na pia kwa maana ya mahali panapowashwa moto. (Silitaji lile jiko wanalolipata vijana waoapo.) Mjumbe mmoja alikusudia chumba, mwenziwe alikusudia meko. Swali la kwanza basi, ndugu msomaji, si fedha zitatoka wapi, bali ni jiko lipi lililozeeka.

Mwenye jibu ni mpishi, naye hakualikwa mkutanoni. Nilipomtembelea, alinionyesha matofali ya meko yaliyopasuka, dohani iliyozibwa na masizi, na moshi uliomtoa machozi kabla ya githeri kuiva. Lakini kuta zilikuwa wima, msingi haukuwa umetitia, na paa lilivuja mahali pamoja tu. Kukibomoa chumba kama hicho ni ubadhirifu. Kinachohitajika ni meko mapya yanayohifadhi joto na kupunguza kuni, dohani inayopita juu ya paa, madirisha mapana, na sakafu ya saruji yenye mteremko wa kupitishia maji machafu. Moshi nao si jambo la mzaha: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na upikaji, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Hata hivyo, sisemi kwamba kila jengo kuukuu liokolewe. Ikiwa nyufa zinaanzia kwenye msingi na mbao za paa zimeliwa na mchwa, lipu na rangi ni kujidanganya. Gharama za ukarabati zikikaribia zile za ujenzi, heri kujenga upya.

Walimu huwafunza wanafunzi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nao huichukua methali hiyo kuwa wito wa kurekebisha mambo mapema. Ni kweli. Lakini nusu yake ya pili inakiri kwamba hufika siku ambapo ufa hauzibiki tena. Busara ni kujua tumefika nusu ipi.

Kwa hivyo, kabla ya kupiga kura, halmashauri za shule na ziite fundi akague msingi, kisha zimkalishe mpishi mkutanoni, zimsikilize. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na adha ya moshi aijua anayeushinda kutwa, si anayengojea sahani mezani.